Mfereji Si Mkanda

Nyuma ya mlango wa jikoni kwangu, hapa Wolverton, pameangikwa chuma kilichopinda mara mbili, kama hendeli ya kuwashia malori ya zamani. Wageni hukiuliza. Bibi yenu, Mungu amrehemu, alikuwa akiwajibu kwamba hicho ni mke mwenzake. Wiki iliyopita mjukuu wangu mkubwa alikiangua, akakipima uzito mkononi, akasema: "Babu, tumekodi mashua nyembamba. Wiki nzima, mwezi wa nane, tuko sita. Tunatoka Braunston mpaka London, na siku ya mwisho tunaingia Thames." Nikamuuliza nani atashika kana. Akacheka. "Babu, chombo chenyewe kinakwenda mwendo wa mtu kutembea. Kuna nini hapo cha kusomea?"

Siku ile nilinyamaza, nikamtilia chai. Lakini maneno yale yalinikaa, kwa sababu mimi mwenyewe niliyasema mwaka 1986, tena kwa kiburi kumshinda. Basi nimeketi niwaandikie, msome nyote sita, na wenzenu wanaodhani maji yote ni mamoja.

Mimi ni mtoto wa kisiwa cha Pate. Zamani zetu, mtu akitoka Amu, yaani Lamu, kwenda bandari yetu ya Mtangawanda alipita Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku. Mkanda hupitika maji yakijaa. Yakipwa hubaki tope na kaa. Abiria aliyechelewa sokoni hakungojwa, maana nahodha mwenyewe alikuwa chini ya amri ya mwingine. Na chombo kilichokutwa na maji kupwa kililala ubavu pale pale kwenye mikoko, watu wakaila halua waliyowanunulia watoto, mpaka maji yarudi. Mimi nimelala Mkanda usiku kucha mara mbili kabla sijabaleghe. Nilizijua siku za bamvua na siku za maji mafu kabla sijajua kusoma saa. Kwa hiyo nilipokuja Uingereza mwaka 1974, nikapata kazi ya kuendesha basi, na baada ya miaka kadhaa dereva mwenzangu akanialika kwenye mashua yake ya mferejini, nilimtazama kama mvuvi anavyomtazama mtu anayepiga makasia ndani ya karai.

Mwenzangu huyo nitamwita Fundi. Jina lake halisi ni mali ya watoto wake. Alikuwa Mwingereza wa maneno machache, na mashua yake ilikuwa ya chuma, urefu mita 17, upana mita 2 na vidole. Ukisimama ndani ukanyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili. Msukani husimama nje, nyuma kabisa, tezini, kana iko kwapani, na mbele yake kuna paa refu kama kibaraza cha msikiti. Ukitaka kwenda kushoto unaisukuma kana kulia. Hilo nililijua tangu Pate. Ambalo sikulijua ni kwamba chombo hicho hugeuka kikizunguka kiuno chake. Omo ikienda kushoto, tezi inakwenda kulia, na mtu aliyesimama ukingoni akidhani mashua inamwondokea hupigwa nayo magotini.

Upana ule wa ajabu una asili yake, na ni vizuri muijue mnapokipanda chombo. Mwaka 1761 Duke wa Bridgewater alifungua mfereji wa kupeleka makaa ya mawe Manchester kutoka machimbo yake ya Worsley. Mhandisi wake alikuwa James Brindley, mtu ambaye kalamu ilimpa tabu lakini maji yalimsikiliza. Farasi mmoja barabarani alivuta tani moja, akijitahidi mbili. Farasi huyo huyo, kamba shingoni, akitembea ukingoni mwa maji yaliyotulia, alivuta mashua yenye tani 25. Matajiri walipoona hesabu hiyo kila mmoja akataka mfereji wake. Brindley alipofika kwenye mfereji wa kuunganisha mto Trent na mto Mersey, vilima vikawa vingi, na kila kilima kikadai loki: chumba cha mawe chenye milango mbele na nyuma, ambamo mashua hupanda au kushuka maji yakitiwa au yakitolewa, kama ndoo kisimani. Loki pana hula pesa na hula maji. Akazijenga nyembamba, za kupita chombo cha mita 2 na kitu. Alikufa mwaka 1772, mfereji ule ukamalizika 1777, na mpaka leo Waingereza wanalala ndani ya mashua zilizokatwa kwa kipimo cha ubahili wa Brindley. Mfereji wenu wa Grand Union ulikuja baadaye, loki zake zinachukua mashua mbili ubavu kwa ubavu. Msiingie peke yenu kama kuna chombo kinakuja nyuma. Kingojeni, mwingie pamoja, maji yasipotee bure. Huo ndio ustaarabu wa kule, na hakuna atakayewafokea mkiukosa. Watawatazama tu, na kutazamwa na Mwingereza aliyeudhika ni kuzito kuliko kufokewa.

Sasa hesabu. Vijana mnapenda ramani ya simu, nayo huwaonyesha London kuwa karibu. Kutoka Braunston mpaka Brentford, mfereji unapoingia Thames, ni maili 93 na loki mia moja hivi. Watu wa mferejini hujumlisha maili na loki, wakagawa kwa 3, wakapata saa za safari. Mnapata saa 64 au 65. Mkisafiri saa 8 kwa siku, bila kusimama kula wala kusali, ni siku 8 za kwenda tu. Na mashua ya kukodi hurudishwa ilikochukuliwa! Mjukuu wangu ana shahada ya uhasibu.

Tena someni mkataba wenu, yale maandishi madogo. Wenye mashua za kukodi wengi hawaruhusu chombo chao kuingia maji ya kupwa na kujaa, na bima haifuati huko. Hilo peke yake lingetosha kuimaliza habari ya Thames. Lakini sitaki mwache kwa sababu mmekatazwa. Nataka mwache kwa sababu mmeelewa, kwa hiyo nitawasimulia.

Safari yetu ya 1986 ilianzia huko huko Braunston. Siku ya kwanza nilichoka kwa ulaini wake. Maji yamelala, hayana mkondo, hayana chumvi, hayana harufu ila ya majani. Ruhusa ni maili 4 kwa saa, na kupita mashua zilizofungwa ukingoni unapunguza hata hizo, kwa sababu ndani yake mna mtu na kikombe chake. Kulasitara mmoja alikuwa akiruka mbele yetu hatua mia, anatua, tukimfikia anaruka tena, saa nzima, kama mtu aliyetumwa atuonyeshe njia. Nikamwambia Fundi, "Kwetu hiki tungekiita kisima kirefu." Akatikisa kichwa, akawasha kiko.

Handaki la Blisworth lilininyamazisha kidogo. Ni mita 2,813 chini ya kilima, lilifunguliwa mwaka 1805, na hakuna njia ya farasi ndani. Zamani farasi alipitishwa juu ya kilima, na wanaume wakalala chali ubavuni mwa mashua, wakaisukuma kwa nyayo zao wakitembea ukutani, gizani, mwendo wote huo. Tulichukua zaidi ya nusu saa kwa injini. Maji ya baridi yanadondoka kutoka mashimo ya hewa na kukuingia shingoni. Mbele unaona taa moja ndogo na hujui kama ni mwisho wa handaki au chombo kinakujia. Ilikuwa chombo. Tulipishana kwa upana wa kiganja, na yule msukani wa pili, ambaye sura yake sikuiona, akasema habari ya jioni kama tumekutana dukani.

Ukitoka handakini unafika Stoke Bruerne, kijiji chenye makumbusho ya mifereji, na watazamaji hawakosekani. Kuna loki 7 za kuteremka. Fundi alikwenda milangoni na hendeli yake, hii hii iliyo jikoni kwangu, akaniachia kana. Alinionyesha mstari mweupe uliopakwa kwenye ukuta wa loki, akaniambia maneno mawili matatu juu yake. Nilimwitikia huku nikimtazama mtoto mmoja anayelamba aiskrimu.

Sikilizeni vizuri hapa. Chini ya milango ya juu ya loki kuna kizingiti cha mawe, kimechomoza ndani. Loki ikijaa maji hukioni. Maji yakitolewa kizingiti kinabaki mahali pake, mashua inashuka. Kama tezi yako iko nyuma ya mstari mweupe, inakikalia. Omo inaendelea kushuka, tezi imeshikwa, na chombo cha tani 15 kinaanza kuinama kama mtu anayesujudu. Dakika chache zinatosha maji kuingia mbele.

Mimi niliona birika la chai linatembea lenyewe juu ya paa. Nikadhani ni upepo. Ndipo nikasikia chuma kinasaga jiwe chini ya miguu yangu, sauti ambayo mpaka leo nikiisikia breki ya lori mbovu tumbo hunikaza. Mtoto wa Pate, aliyelala Mkanda mara mbili, alisimama pale mdomo wazi. Nilishika kana kwa mikono miwili, kana ambayo wakati huo haikuwa na kazi zaidi ya kijiko.

Fundi hakupiga kelele. Aliizungusha hendeli akaviteremsha vilango vya chini, yaani vifuniko vya matundu ya kupitishia maji, maji yakaacha kutoka. Kisha akatembea, hakukimbia, mpaka milango ya juu, akafungua vilango vyake kidogo kidogo, maji yakarudi, mashua ikaelea. Watazamaji wakapumua. Mwanamke mmoja akapiga makofi, sijui alikuwa akimpigia nani. Fundi alikuja akaliokota birika, akaniambia, "Mstari mweupe." Basi. Hakuongeza neno siku ile wala siku nyingine, na mimi nimekuwa nikimlipa deni hilo kwa kuwaambia watu.

Msidhani nawatisha. Kizingiti hakina hila. Kiko pale tangu loki ilipojengwa, na mstari umepakwa ili ukionyeshe. Kilichotaka kuizamisha mashua ni kwamba nilikuja na ujuzi wa maji mengine, nikakataa kuwa mwanafunzi wa haya. Mkishuka, kaeni mbele ya mstari, na mmoja wenu asiwe na kazi nyingine ila kuutazama. Msiifunge mashua kwa kamba iliyokazwa, kwani maji yakishuka itaning'inia. Kamba mnaizungusha mara moja kwenye kigingi na kuilegeza mnavyoshuka, wala msiizungushe mkononi mwenu hata kwa sekunde moja. Wallahi nimemwona mtu na vidole vitatu, na alikuwa mtu wa kamba hodari. Mfuko wa plastiki ukizonga rafadha, kuna kifuniko nyuma ambacho mtakifungua muingize mkono. Kabla ya hapo zimeni injini, na ufunguo uwe mfukoni mwa yule yule anayeingiza mkono, si kwa mwenzake.

Juu ya sala nitasema kidogo, maana mtaniuliza. Mwaka uliofuata tulipita mfereji wa Oxford, ambao Brindley aliuzungusha vilima kwa kufuata usawa wa ardhi ili aepuke loki. Nilianza kuswali alasiri ndani huku Fundi anaendesha, kibla iko dirishani kulia. Nilipofika rakaa ya tatu dirisha lilikuwa linatazama nilikotoka. Tangu siku hiyo tulikuwa tunafunga mashua ukingoni, naswali nchi kavu, na Fundi anapata kiko chake.

Jioni ndizo ninazozikumbuka zaidi. Unapiga vigingi viwili kwenye majani, unafunga omo na tezi, unawasha jiko la makaa ambalo ni kubwa kuliko ndoo kidogo tu, na chumba chote kinapata joto. Fundi aliniambia kwamba familia nzima za wachukuzi ziliishi kwenye chumba cha nyuma cha mita 3 kwa 2, mume, mke na watoto, mizigo ikachukua sehemu yote iliyobaki. Watoto hawakusoma, kwa sababu kila siku shule ilikuwa kijiji kingine. Watu wa nchi kavu waliwadharau kwa kutokuwa na mahali, na wao wakajibu kwa kupaka rangi: mawaridi na majumba ya kifalme kwenye milango, ndoo na mabirika, shaba inang'aa kuliko ya tajiri. Niliposikia hayo niliwakumbuka mabaharia wetu na macho waliyoyachonga kwenye omo za vyombo vyao. Reli iliwapunguza, malori yakawapunguza zaidi, kisha kipupwe cha mwaka 1962 kuingia 1963 kikagandisha mifereji kwa wiki nyingi, na biashara iliyokuwa imebaki haikuinuka. Kama mwandishi L. T. C. Rolt, aliyekuwa akiishi ndani ya mashua yake Cressy, na Robert Aickman wasingeanzisha chama cha kuitetea mifereji mwaka 1946, sina shaka mingi mnayoiona leo ingefukiwa ikawa maegesho ya magari. Sasa ni kilomita 3,200 za maji chini ya shirika moja la hisani tangu 2012, na sisi, watu wa mbali, tunapita tukinywa chai ya iliki mahali ambapo mtoto wa mchukuzi alikuwa akilala chini ya kitanda cha wazazi wake.

Turudi kwenye safari ile ya 1986. Tulifika Brentford siku ya tisa. Hapo ndipo mfereji unakwisha, na nje ya loki ya mwisho kuna Thames yenye kupwa na kujaa. Tulitaka kupanda mpaka Teddington, mwendo wa saa moja na kitu ukisukumwa na maji yanayojaa. Teddington ndipo nguvu ya bahari inapokoma, na toka hapo mto ni mtulivu. Fundi alikuwa na jedwali la maji alilolinunua, na kwa mara ya kwanza nilimwona hajatulia. Miaka kumi mferejini, hajawahi kugusa maji yanayokwenda. Jedwali lilisema maji yatajaa saa tisa alasiri. Loki ya Brentford hufunguliwa kwa vyombo muda wa saa mbili kabla ya hapo na mbili baada. Saa saba na nusu alikuwa ameshafungua kamba.

Nilimwambia angoje, nikaenda kwa miguu kuutazama mto. Niliona ukanda mpana wa tope bado uko nje, na alama ya majimaji ya jana ukutani iko juu sana ya kichwa cha maji. Nikatupa ganda la chungwa. Lilikwenda kwa kasi kuelekea juu. Maji yaliyobakiza saa moja na nusu tu kujaa hayawi na tope nje namna ile, wala hayana haraka hiyo. Nikarudi nikamwambia, "Maji haya bado mtoto." Akanionyesha jedwali. Nikamwambia jedwali sikulijua, mimi nimeliona tope. Mlinzi wa loki alipokuja alilitazama lile jedwali akacheka kwa upole: limeandikwa kwa saa za Greenwich, na kiangazi Uingereza husogeza saa zake mbele. Maji yatajaa saa kumi.

Saa kumi! Mwezi ulikuwa mchanga wa siku mbili, bamvua, na kwetu bamvua hujaa saa kumi au karibu yake. Nilijigamba siku ile mpaka nikajichosha. Nilimweleza mlinzi kuwa Pate na Brentford ni bahari moja. Alinijibu kwa adabu kwamba maji ya London hutoka Atlantiki, yakazunguka juu ya Uskochi, yakateremka bahari ya Kaskazini kisha yakaukwea mto, kwa hiyo saa zake ni zake, na kulingana na za kwetu ni sadfa tu. Alisema kweli. Mimi nilikuwa nimepata bahati, nikaiandika daftarini kama elimu. Safari yenyewe ya kupanda ilikuwa nyepesi: mto umebeba chombo, milango ya Richmond, iliyowekwa mwaka 1894 kuzuia maji yasikauke juu yake, imeinuliwa, nasi tukapita chini yake bila kuguswa.

Bahati ile ndiyo iliyonipeleka Limehouse mwaka 1992 na kofia kichwani.

Limehouse iko mashariki ya London, huko mfereji wa Regent unapoangukia mtoni. Kutoka pale mpaka Brentford unapita katikati ya mji wote, chini ya Tower Bridge, mbele ya Bunge. Tofauti ya maji kujaa na kupwa pale daraja la London siku za bamvua inafika mita 7. Kwetu Amu haizidi nusu ya hiyo kwa kiasi kikubwa. Tena mto umebanwa. Katika karne ya 19 Bazalgette alijenga kuta za mawe kandokando yake, chini yake akapitisha maji machafu ya mji, kwa hiyo wimbi likizaliwa halina ufuko wa kufia. Linapiga ukuta huu, linarudi, linakutana na jingine kutoka ukuta wa pili.

Saa ya kutoka tuliipata sawasawa, kama saa tatu kabla ya maji kujaa. Kosa lilikuwa lingine. Siku ilikuwa ya joto na tuliuacha mlango wa mbele wazi. Kabla hatujafika Westminster boti mbili za watalii zilipishana karibu yetu. Niliyaona mawimbi yanakuja ubavuni. Wimbi hupokelewa kwa omo. Hilo linajulikana na kila mtoto wa pwani. Nikaisukuma kana yote. Dau lingegeuka. Mita 17 za chuma, chini bapa kama sinia, bila mkuku, zilianza kufikiri. Wimbi la kwanza lilitulaza, sahani zote za Fundi zikashuka pamoja, la pili likaingia mlango wa mbele kama mgeni mwenye ufunguo. Kofia yangu ilikwenda zake. Nilijua la kufanya, wanangu, chombo ndicho hakikujua.

Muda mfupi nyuma tulikuwa tumepita daraja la reli la Cannon Street, na Fundi alivua kofia yake. Karibu na hapo, usiku wa kuamkia tarehe 20 Agosti 1989, chombo cha starehe Marchioness kiligongwa na meli ya mchanga Bowbelle, wakafa watu 51, wengi vijana waliokwenda sherehe ya kuzaliwa. Baada ya msiba ule, vituo vya mashua za uokoaji kwenye Thames viliwekwa mwaka 2002. Na leo chombo kinachozidi mita 13.7 hakiruhusiwi huko bila redio ya kusemezana na waongozaji wa mto, na hakuna mtu mwenye akili anayekwenda bila nanga yenye mnyororo, iliyofungwa tayari mbele, na jaketi la kuelea kwa kila mtu. Injini ikizima mferejini, unaelea mpaka majanini, unanywa chai. Ikizima Thames, maji yanaendelea na safari yao na wewe umo, na mbele kuna nguzo za daraja.

Basi mpango wenu ninaubadilisha, na kama mna heshima mtanikubalia. Tokeni Braunston, shukeni kusini. Loki 6 za kupanda pale pale Braunston, 7 za Buckby za kushuka, handaki la Blisworth, 7 za Stoke Bruerne, moja ya Cosgrove, kisha mtavuka mto Ouse juu ya daraja la chuma linalobeba mfereji, lililowekwa mwaka 1811, baada ya lile la matofali kuanguka. Toka hapo tembezeni kidogo tu mtaiona Wolverton. Ni kilomita 50 hivi na loki 21. Kwenda na kurudi ni saa 35 kwa hesabu ile ya watu wa mferejini, wiki inatosha na jioni zinabaki. Siku ya tatu au ya nne nitakuwa nimesimama ukingoni na sufuria ya wali wa nazi, na nitapenda kuona nani yuko kwenye kana na nani anatazama simu.

Thames tutakwenda mwaka kesho, nikiwa hai, siku za maji mafu, kwa chombo cha mtu anayeijua, milango ya mbele imefungwa.

Fundi alipochoka magoti aliiuza mashua, akaniletea hendeli hii imefungwa gazetini. Hatukusema mengi. Ichukueni. Iko nyuma ya mlango. Mtaitumbukiza majini, kila mtu huitumbukiza. Sumaku yenye kamba iko kwenye kisanduku chini ya sinki, ichukueni pia.